HARUSI YA KUPENDEZA BILA DENI
Mapambo tunayoweza kuyatengeneza kwa mikono yetu

Mavuno yakishaingia ghalani, harusi nazo huanza. Kila wiki kadi za mchango zinapita nyumba kwa nyumba. Ngoma zinalia na watu wanafurahi. Ni jambo jema, maana harusi ni furaha ya kijiji kizima.

Lakini baada ya harusi huja mambo mengine. Mzee anauza mbuzi wa mwisho. Mama anakopa dukani kwa ahadi ya mavuno yajayo. Maharusi wenyewe wanaanza maisha mapya wakiwa na deni, hata godoro hawajanunua. Ukiuliza fedha zimekwenda wapi, utaambiwa: chakula, nguo, gari, na mapambo.

Leo tuzungumze juu ya mapambo. Chakula hatuwezi kukipunguza sana, maana wageni lazima wale. Lakini mapambo tunaweza kuyatengeneza wenyewe, nayo yakapendeza sana. Jambo kubwa ni kupanga mapema na kufanya hesabu.

FIKIRI KWANZA: MAPAMBO YA KUKODI YANABAKI NA NANI?

Mpambaji wa mjini huja na gari lake. Analeta vitambaa, maua ya plastiki na taa za rangi. Jioni watu wanasifu. Usiku ule ule anafungua kila kitu, anapakia, anaondoka. Asubuhi uwanja ni mtupu. Kilichobaki ni deni.

Hatusemi kwamba mpambaji ni mtu mbaya. Ile ni kazi yake, naye anakula kwa jasho lake. Tunasema hivi: mwenye fedha na akodi, asiye nazo asijitie kitanzi. Mkeka mliosuka utabaki kwa maharusi. Khanga mlizotundika zitabaki kwa maharusi. Kikapu kilichobeba maua leo, kesho kitabeba mahindi.

"Lakini watu watasema nini?" Hilo ndilo swali linalowatia watu wengi katika madeni. Basi tuseme ukweli. Watu watasema ukipamba, na watasema usipopamba. Wakishasema watakwenda kulala, na deni utalilipa wewe peke yako.

KAENI KIKAO MAPEMA

Msingoje wiki ya harusi. Kaeni kikao wiki sita kabla. Waiteni shangazi, mama wadogo, wajomba, vijana na mafundi wa kijijini. Wanaume nao waje. Kukata mianzi na kusimamisha lango ni kazi yao, na kusuka ukindu si aibu kwa mtu yeyote.

Bibi harusi na bwana harusi waulizwe wanataka nini. Vijana wameona picha za harusi za mjini katika simu, nao wana tamaa yao. Msiwakemee. Itazameni picha ile pamoja nao. Ulizeni: kitu gani hapa kinapendeza? Mara nyingi mtaona ni rangi zilizopangwa vizuri, na kupanga rangi hakuuzwi dukani. Kama kuna kitu kimoja wanachokitaka sana, kwa mfano taa, kodini hicho kimoja. Vingine vyote mtengeneze.

Chukueni daftari. Pigeni mistari mpate safu nne: Kitu, Idadi, Nani atafanya, Siku ya kumaliza. Mtu mmoja anayejua kuandika awe mwandishi. Wewe uliyehitimu kisomo, kazi hiyo ni yako. Kazi isiyoandikwa kila mtu hudhani mwenzake ataifanya.

CHAGUENI RANGI MBILI NA UMBO MOJA

Hii ndiyo siri ya mapambo mazuri. Watu wengi hudhani uzuri ni wingi wa vitu. Wanaweka nyekundu, bluu, zambarau, na maputo ya kila rangi. Jicho halijui litazame wapi. Ni kama watu kumi wanaosema kwa wakati mmoja: husikii hata mmoja.

Lakini ukichagua rangi mbili tu, ukazirudia langoni, mezani na nyuma ya maharusi, jicho linatulia. Vitu vidogo vinaonekana kama kitu kimoja kikubwa. Na umbo ni vivyo hivyo. Mkichagua ua la aina moja, mlirudie kila mahali.

Chagueni rangi ambayo kijijini kwenu ni rahisi kuipata. Kijani mnacho bure: makuti, migomba, majani ya porini. Kwa hiyo msikihesabu. Ongezeni rangi mbili juu yake. Katika makala hii tutachukua mfano wa njano na nyeupe. Waulizeni wazee pia, maana kila mahali pana desturi yake. Kwa watu wa pwani, kwa mfano, khanga ya kisutu yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ni khanga ya harusi tangu zamani. Mkiwa nayo, rangi zenu mmekwisha kupata.

KAZI YA KWANZA: MAUA YA MAGANDA YA MAHINDI

Baada ya mavuno maganda ya mahindi yamejaa kila ua. Mengine yanachomwa moto. Hayo maganda ni mali. Fanyeni hivi:

1. Chagueni maganda ya ndani, yale laini na meupe. Yenye ukungu yatupeni.

2. Kwa maua meupe, lowekeni maganda katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10. Ganda kavu hupasuka. Likilowa nyuzi zake hulainika, na likikauka tena hushika umbo ulilolipa.

3. Kwa maua ya njano, chemsheni lita 1 ya maji na vijiko 2 vya chakula vya unga wa manjano, ule wa kupikia. Tieni maganda, yachemke polepole kwa nusu saa.

4. Kateni petali, yaani vijani vya ua. Kila petali iwe na urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 4. Ncha yake iwe ya mviringo. Ua moja linataka petali 6.

5. Chukueni kijiti cha sentimita 25. Kateni ukanda mwembamba wa ganda, uchaneni kama ufagio mdogo, uzungusheni kwenye kichwa cha kijiti, fungeni kwa uzi. Huo ndio moyo wa ua.

6. Pangeni petali moja moja kuzunguka moyo. Kila petali ifunike nusu ya mwenzake. Kazeni uzi.

7. Wakati ganda bado ni bichi, pindeni ncha za petali nje kwa kidole gumba. Ua litafunguka.

8. Kausheni kivulini. Jua kali hupausha rangi ya manjano. Ua likikauka vizuri, litunzeni ndani ya kikapu mpaka siku ya harusi.

Angalieni sana: maji ya sabuni au ya magadi yakigusa rangi ya manjano, huigeuza kuwa nyekundu iliyofifia. Kwa hiyo msiyaweke maua karibu na mahali pa kufulia. Na kama mkitumia rangi ya unga ya dukani, ile ya kutia ukindu, msiipike katika sufuria ya chakula. Tafuteni kopo kuukuu la kazi hiyo.

Sasa hesabu. Tuseme mna meza 10 za wageni, na kila meza itawekwa maua 5. Hayo ni maua 50. Ongezeni maua 20 ya jukwaa la maharusi, jumla 70. Ongezeni 10 ya akiba, jumla 80. Hindi moja likitoa petali 6 nzuri, mtataka maganda ya mahindi 80. Wakikaa watu 5, kila mmoja akatengeneza maua 4 kwa saa moja, wote watatengeneza 20. Basi maua 80 yatakwisha kwa saa 4. Ni jioni mbili tu za mazungumzo barazani.

KAZI YA PILI: VIBENDERA VYA KITAMBAA

Vibendera vya pembe tatu vinajaza uwanja kwa gharama ndogo. Nendeni kwanza kwa fundi cherehani. Mwombeni mabaki ya vitambaa ya rangi zenu. Mabaki yasipotosha, ndipo mnunue.

Pimeni uwanja kwa kamba. Tuseme mnataka kamba ya mita 20. Kila kibendera kina upana wa sentimita 20 juu, na kati ya vibendera kuna nafasi ya sentimita 5. Kwa hiyo kila kibendera kinachukua sentimita 25. Mita 20 ni sentimita 2,000. Gawanya kwa 25, utapata vibendera 80: vya njano 40 na vyeupe 40.

Msikate ovyo. Kateni kwanza ukanda wa kitambaa wenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 25. Chorini pembe tatu, moja ncha juu, nyingine ncha chini, zikifuatana. Kwa njia hii ukanda mmoja unatoa vibendera 9, na mabaki ni kidogo sana. Kanda 5 zinatoa 45. Basi kwa kila rangi nunueni mita 1 na robo ya kitambaa chenye upana wa mita 1.

Kitambaa cha pamba huchanika nyuzi pembeni. Pakeni ukingo kwa gundi nyepesi kabla ya kukata. Kisha kunjeni sentimita 2 za juu, pitisheni kamba, shoneni.

Gundi yenyewe haina haja ya kununuliwa. Korogeni vijiko 3 vya unga wa ngano au wa muhogo katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimineni polepole katika vikombe 2 vya maji yanayochemka, huku mkikoroga, mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Ya kupaka ukingo iongezeni maji kidogo. Itumieni katika siku mbili, maana huchacha. Na kazi iliyopakwa gundi hii itunzeni mbali na mende na panya. Kwao hicho ni chakula.

KAZI YA TATU: LANGO

Lango ndilo linalomkaribisha mgeni. Chimbeni mashimo mawili, umbali wa mita 3. Kila nguzo iwe na mita 3, nusu mita iingie ardhini. Shindilieni vizuri kwa mawe, maana upepo hauna adabu. Juu fungeni mwanzi mbichi uliopasuliwa. Ukiwa mbichi unapindika bila kuvunjika.

Penye minazi, kateni makuti ya chini yaliyo bado mabichi. Pasueni kila kuti katikati ya uti wake, mpate vipande viwili. Fungeni vipande hivyo kwenye nguzo, majani yakining'inia. Lakini msiguse jani changa la katikati ya kilele. Mnazi una moyo mmoja tu wa kuchipulia. Moyo ule ukiharibika, mti wote unakufa. Harusi ya siku moja isiue mnazi wa miaka hamsini.

Penye migomba ni rahisi zaidi. Mgomba mmoja huzaa mara moja tu, halafu hufa. Kwa hiyo chagueni migomba miwili ambayo mikungu yake imekomaa, mnayotaka kuivuna. Isimamisheni kwenye ndoo za maji, mmoja kila upande wa lango. Mkungu ukiwa bado juu yake ni pambo kubwa, na kesho yake ni chakula.

Makuti, majani ya migomba na maua mabichi yakatwe asubuhi ya harusi, au jioni iliyotangulia. Yakikaa siku mbili juani yatanyauka.

KAZI YA NNE: NYUMA YA MAHARUSI

Hapa ndipo macho yote yanapotazama, na hapa ndipo picha zitapigwa. Tumieni khanga. Khanga moja ina urefu wa karibu mita 1 na nusu na upana wa karibu mita 1. Tuseme mnataka ukuta wa mita 4 na nusu kwa mita 2. Pangeni khanga 3 kwa upande, safu mbili, jumla khanga 6. Hizo ni doti 3. Zishikizeni kwa uzi, msizitoboe kwa misumari, maana mtampa bibi harusi azivae. Pembeni tundikeni mikeka ya ukindu na yale maua 20.

Kuna jambo moja la muhimu sana: someni jina la khanga kabla ya kununua! Khanga nyingine zina maneno ya mapenzi na baraka. Lakini nyingine ni za mafumbo, za kumsema jirani au mke mwenza. Lo! Fikiri khanga ya ugomvi imetundikwa juu ya vichwa vya maharusi, na wageni wote wanajua kusoma. Kusoma kuna faida hata harusini.

Na penye miasumini, msisahau harufu. Chumeni vikonyo vya asumini alasiri kabla havijafunguka. Vifungeni katika jani la mgomba lililonyunyizwa maji. Usiku vitafunguka. Tungeni kwa sindano na uzi, mpambe kiti cha bibi harusi. Wazee wa pwani wanajua pia kutengeneza kikuba. Waombeni wawafundishe vijana, maana elimu hii ikifa nao hatutaipata tena.

TUJIHADHARI

Makuti makavu, maganda ya mahindi na vitambaa hushika moto upesi. Msiweke mshumaa wala kibatari karibu navyo. Taa za umeme wa jua ni salama zaidi. Wekeni ndoo mbili za maji na moja ya mchanga karibu na jukwaa, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia taa.

Msipambe kwa mifuko ya plastiki. Kwa Tanzania Bara mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Tena ng'ombe akiila anaweza kufa.

HESABU YA MWISHO

Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu. Nenda ukaulize bei za dukani kwenu, uziandike mwenyewe.

Kitambaa, mita 2½ kwa sh. 4,000 = sh. 10,000
Uzi na kamba = sh. 3,000
Manjano = sh. 2,000
Unga wa gundi = sh. 2,000
Mianzi 4 kwa sh. 1,500 = sh. 6,000
Khanga doti 3 kwa sh. 15,000 = sh. 45,000

Jumla = sh. 68,000

Sasa ondoa khanga, kwa kuwa hizo ni zawadi ya bibi harusi. Zinabaki sh. 23,000. Hizo tu ndizo zitakazokwisha siku ile. Vingine ni vya shambani na vya mikono yenu. Chukua bei ya kukodi mapambo mjini, toa jumla yako. Tofauti unayoipata inaweza kuwa godoro, majembe mawili au mabati ya kuanzia nyumba.

Ndugu msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja hawezi kutengeneza maua 80, lakini watu watano wataweza huku wakicheka. Na siku ya harusi, bibi kizee aliyesuka mkeka atauonyesha kwa kidole na kusema, "Ule ni wangu." Pambo la kukodi halina mtu wa kusema hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, kitu gani kinachotupwa kingeweza kuwa pambo?
2. Kama kamba yenu ni mita 30, na kila kibendera kinachukua sentimita 25, mtataka vibendera vingapi?
3. Watu 4 wakitengeneza maua 5 kila mmoja kwa saa moja, watamaliza maua 100 kwa saa ngapi?
4. Wazazi wanataka kutengeneza mapambo, maharusi wanataka kukodi. Mtawapatanisha namna gani?
5. Ni nani kijijini kwenu anayejua kusuka, kutunga asumini au kutia rangi ukindu? Andikeni majina yao, mkawaombe wafundishe darasani.